Swali la Binti wa Mapazia

Siku za shule zilikuwa na ratiba isiyobadilika katika nyumba ile. Mama, ambaye alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa, alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sare yake imepigwa pasi na kipande cha mkate kikiwa mkononi. Binti yake, mwenye miaka kumi na miwili, alibaki dakika ishirini zaidi, akafunga mlango, akaficha ufunguo chini ya tofali ambalo kila jirani alijua kwamba lina ufunguo, kisha akaenda shule. Jioni binti alitangulia kurudi. Alichota maji bombani, akaosha vyombo vya asubuhi, na mama aliporejea alimkuta ameinamia daftari, akisoma au akijifanya anasoma.

Shuleni aliitwa Kasuku. Jina hilo alilipata darasa la tatu, siku alipomwigiza mwalimu mkuu akiitafuta miwani iliyokuwa usoni pake mwenyewe, huku mwalimu mkuu amesimama nyuma yake. Alipewa adhabu ya kufagia uwanja siku mbili. Ilidaiwa pia kwamba mwalimu mkuu alisikika akicheka peke yake ofisini, lakini jambo hilo halikuthibitishwa.

Kipaji chake kilikuwa cha kweli. Alihitaji kumwona mtu mara mbili tu ili amchukue mzima: sauti, mabega, mwendo, hata namna ya kushika kijiko. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo hakuna aliyemwonyesha. Hakujiuliza kamwe kwa nini watu walifanya yale aliyowaona wakiyafanya. Kuyaona kulimtosha.

Nyumba ya jirani ilikuwa karakana ya mapazia. Mwenye karakana, mwanamke mnene mwenye sauti laini, aliitwa Mama Mapazia, na mtaa mzima ulimheshimu kwa kuwa alichangia kila msiba na hakugombana na mtu kuhusu takataka. Vyerehani vyake vilianza kulia alfajiri. Madirisha ya karakana yalifunikwa kwa mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee, yenye marinda yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na hayakufunuliwa hata siku moja. Watu walisema kwamba lile lilikuwa tangazo la biashara.

Kila jioni alitoka humo binti mmoja kuja bombani na ndoo mbili. Alionekana mkubwa kidogo kuliko Kasuku, lakini alikuwa mwembamba zaidi. Nguo yake ilijaa vipande vya nyuzi, naye alivinyofoa kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wa gauni huku ndoo zikijaa. Aliongea kwa lafudhi ya mbali, akivuta maneno kama mtu anayevuta kamba kisimani. Jirani alipomsalimu na kumuuliza yeye ni nani, alitazama kwanza mlango wa karakana, ambako Mama Mapazia alikuwa amesimama, halafu akajibu: "Mimi ni mpwa wake. Nina miaka kumi na minane. Nimekuja kujifunza kazi." Akiulizwa tena siku nyingine, alijibu vilevile, neno kwa neno.

Siku moja ya Alhamisi, bomba lilikuwa likitoka maji kwa unyonge na Mama Mapazia alikuwa ameitwa ndani. Binti yule alisogea karibu na Kasuku. Hakuinua uso.

"Dada," alinong'ona, "hapa panaitwa nini?"

"Wapi? Hapa bombani?"

"Hapa. Mji huu."

Kasuku aliangua kicheko. "Makubwa! Wewe unaishi mji usioujua jina? Uliletwa umelala?"

Binti yule hakucheka. Alingoja. Kati ya swali lake na sauti ya Mama Mapazia iliyomwita kutoka mlangoni palikuwa na nafasi ya kutosha kutaja jina la mji mara kumi. Kasuku aliitumia nafasi hiyo kujifuta machozi ya kicheko. Binti akainua ndoo zake, akaenda zake.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, darasa zima lilipata burudani. Kasuku alisimama juu ya dawati na ndoo mbili za kufikirika. Alitazama mlango, akanyofoa nyuzi ambazo hazikuwapo, akasugua kidole cha shahada cha mkono wa kulia kama alivyozoea kukisugua yule binti, na kuvuta maneno: "Dada... hapa panaitwa nini?" Mwenzake wa dawati moja, msichana aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama iliyokuwa shavuni pake, alicheka hadi akapata kwikwi.

"Rudia, shoga! Rudia pale pa mpwa!"

Kasuku alirudia, siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Miezi mitatu ilipita hivyo.

Ndipo yalipokuja mafunzo. Yalifanyika katika ukumbi wa halmashauri, kwa siku tano, na yaliwahusu wauguzi, askari polisi, walimu, maofisa wa ustawi wa jamii, wakaguzi wa kazi, na karani mmoja wa kukata tiketi katika stendi ya mabasi, ambaye alidhani ameitwa kwa makosa. Shabaha yake iliandikwa kwenye kitambaa kirefu: kutambua na kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na kuwahudumia waathirika. Kitambaa hicho kilitundikwa juu ya meza ya chai, na kwa hiyo kilisomwa na washiriki wote.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka thelathini. Miaka hiyo ilimwachia imani ndogo sana katika hotuba. Siku mbili za kwanza alifundisha sheria na dalili kwa sababu ratiba ilimtaka afanye hivyo. Siku ya tatu aliiomba shule iliyokuwa jirani impe wanafunzi wawili wa kikundi cha maigizo, kwa ruhusa ya wazazi, ili washiriki wajizoeze kuhoji. Shule ilimpelekea Kasuku na Kidoti. Mama yake Kasuku alitia saini ruhusa hiyo akiwa ndani ya ukumbi uleule, kwa kuwa yeye ndiye muuguzi aliyeteuliwa na zahanati.

"Wewe," mkufunzi alimwambia Kidoti, "ni mwajiri. Una heshima zako mtaani. Na wewe, mwanangu, ni mtoto aliyeletwa kutoka mbali kwa kudanganywa. Unafanyishwa kazi, na umefundishwa majibu. Maneno sitakupa. Yabuni."

Kasuku hakuwa na haja ya kubuni.

Wahoji walikuwa sajini mmoja wa polisi, mwenye sharubu zilizotunzwa vizuri, na mwalimu wa kiume. Walianza kwa adabu. Walimwamkia Kidoti, wakampa kiti, wakamuuliza habari za biashara. Mtoto alibaki amesimama. Kidoti, aliyekuwa akisubiri maisha yake yote kupewa kiti na polisi, alijibu kwa madaha: mtoto ni wa ndugu yake, anakula vizuri, karatasi zake zimehifadhiwa ili zisipotee, unajua tena watoto, afande. Sajini alikubali kwamba anajua tena watoto. Mwisho alimgeukia Kasuku.

"Eti, binti, unaishi vizuri hapa?"

Kasuku alitazama mlango. Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta. Alinyofoa uzi usiokuwapo, akasugua kidole. "Mimi ni mpwa wake," alisema kwa ile lafudhi ya mbali. "Nina miaka kumi na minane. Nimekuja kujifunza kazi."

Ukumbi ulicheka. Karani wa stendi alipiga meza. Kasuku alisikia joto lililozoeleka la kupendwa na watu wengi kwa mpigo, akaendelea, na kadiri alivyoendelea kicheko kilipungua, safu moja baada ya nyingine, hadi ikasikika feni ya dari peke yake. Katika safu ya tatu alimwona mama yake. Mama hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alikuwa akikitazama kidole.

Mkufunzi aliusimamisha mchezo. "Sajini, umeuliza maswali kumi na manne. Kumi na matatu umemuuliza mwajiri."

"Na lile la mwisho nimemuuliza mtoto," sajini alijitetea.

"Mbele ya mwajiri. Hilo nalo ni la mwajiri."

Kisha alimkaribia Kasuku, akavua miwani yake. "Umefanya vizuri mno, mwanangu. Nimeona watu wazima waliosomea kazi hii wasioweza hata robo yake. Hizo nyuzi kwenye mkono wa nguo umezipata wapi?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. Kusema kwamba kulikuwa na binti wa kweli kungekuwa kusema pia kwamba yeye Kasuku hakubuni kitu, na kwamba alilipata igizo lake kwa kumcheka mtu. Kidoti, aliyelijua jambo lote, alitazama viatu vyake.

"Nimebuni mwenyewe, mwalimu."

"Zote? Na kidole?"

"Vyote."

Ukumbi ulipiga makofi. Mkufunzi peke yake hakupiga. "Kesho nitakuwa hapa saa moja asubuhi, kabla ya watu kufika," alisema kwa sauti ndogo. "Ukikumbuka chochote zaidi, njoo."

Jioni ile mama na binti walikula bila kusemezana. Mara moja mama aliweka kijiko chini. "Lile la kidole..." alianza.

"Lipi, mama?"

Mama alimtazama kwa kitambo. "Basi. Kula."

Kwa hiyo usiku ulipita na kila mmoja akiwa na lake, ingawa lilikuwa jambo moja.

Asubuhi Kasuku alitoka mapema kuliko kawaida, akaenda bombani bila ndoo. Alikuwa amepanga kufanya jambo rahisi: kungoja hadi binti yule atoke, amwambie jina la mji, halafu aende ukumbini akaseme kweli. Katika mpango huo mambo yote yangeishia vizuri na yeye angekuwa na sehemu nzuri ndani yake. Lakini mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ndoo mbili zilikuwa zimepinduliwa kando ya kizingiti, kavu. Nyuma ya mapazia cherehani kimoja kililia, kikanyamaza ghafla, kana kwamba kimekatazwa.

Alikimbia. Alipofika ukumbini aliwakuta mkufunzi na mama yake wamesimama barazani, na mama analia, jambo ambalo Kasuku hakuwahi kuliona na hakujua alifanyie nini.

"Nilimtibu mimi," mama alikuwa akisema. "Sindano ya cherehani ilimvunjikia kidoleni. Yule mama alikuja naye akajibu kila swali, na mimi nikamwachia ajibu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yeye ni jirani. Nikaandika miaka kumi na minane. Nilikuwa nimeushika mkono wake, nikaona ni mkono wa mtoto wa miaka kumi na minne, nikaandika kumi na minane. Nilimwambia amrudishe baada ya siku tatu nikague kama kipande kimebaki. Hakumrudisha. Sikumfuata. Ni mlango wa pili kutoka kwangu!"

"Mama," Kasuku alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Sikubuni. Ni yule wa mapazia. Aliniuliza mji huu unaitwaje, nikamcheka. Nimekuwa nikimwigiza shuleni. Na leo hayupo, ndoo ni kavu."

Mkufunzi hakupoteza muda kumshangaa wala kumsifu. Alimuuliza maswali mafupi: lini, mara ngapi, nani mwingine anatoka humo, gari gani huja. Aliyaandika majibu yote. Kabla ya saa mbili sajini, ofisa wa ustawi wa jamii na mkaguzi wa kazi walikuwa njiani, na safari hii hawakuanza kwa kumpa mwajiri kiti.

Waliwakuta wasichana wawili katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, walimokuwa wakilala juu ya marobota ya vitambaa. Walikuta pia kopo la biskuti lenye vyeti vya kuzaliwa vitatu. Vyeti vilikuwa vitatu na wasichana walikuwa wawili. Yule wa tatu, wenzake walieleza, alipandishwa jana jioni kwenye lori la vitambaa, akiwa na gauni alilolivaa tu.

"Kwa nini jana?" sajini aliuliza.

Sababu ilipatikana mchana, nayo ilikuwa ya kawaida mno. Baada ya igizo Kidoti alikwenda na mama yake karakanani kuchukua mapazia ya sebuleni. Alikuwa bado amejaa fahari ya kile kiti. "Leo tumeigiza mbele ya polisi," alimwambia Mama Mapazia, "na Kasuku amemwigiza dada wako wa maji, hadi watu wakashindwa kucheka!" Mama Mapazia alimpa peremende, akamsifu, akafunga karakana mapema.

"Nilidhani atafurahi," Kidoti alisema huku akilia kwa kwikwi. "Na wewe, Kasuku, ungesema kweli palepale, polisi wangekwenda saa ileile! Nilinyamaza kwa ajili yako!"

Igizo lilikwisha saa nane mchana. Lori liliondoka saa kumi na moja. Kasuku alikuwa mzuri wa hesabu, na hesabu hii hakuhitaji karatasi.

Kumtafuta kulichukua siku kumi na tisa. Wale wasichana wawili, walipokwisha kupumzika, kula na kuhojiwa na watu waliojua kungoja, walikumbuka jina la utani la dereva na rangi ya lori. Karani wa stendi, yule aliyedhani ameitwa kwa makosa, alimtambua dereva huyo kwa jina hilo la utani, kwa kuwa alikuwa akimwona kila wiki na hakuwahi kuona sababu ya kulisema. Binti yule alipatikana katika mji ulio mbali mwendo wa siku nzima, akifua mashuka ya nyumba ya wageni katika beseni la maji ya dawa. Mama Mapazia alishtakiwa pamoja na dereva. Kesi ilikwenda kwa mwendo wa kesi, lakini ilikwenda, na mwisho wote wawili walifungwa. Mtaa uliokuwa ukimheshimu ulianza kusema kwamba siku zote uliona kuna jambo. Kama kweli uliona, hakuna aliyeweza kueleza uliona nini na ulimwambia nani.

Kipande cha sindano kilikuwa kimebaki kidoleni. Maji ya dawa yaliharibu kilichokuwa kimesalia, na hospitali ilimkata kidole hadi kwenye kiungo cha kwanza. Daktari aliandika kwamba siku kumi na tano mapema kingeweza kuokolewa. Mama yake Kasuku aliisoma karatasi hiyo mara moja, akaikunja, akaiweka katika mfuko wa sare yake. Aliibeba huko kwa muda mrefu.

Kasuku alitaka kwenda kuomba radhi siku ileile.

"Radhi hiyo anaihitaji nani?" mkufunzi alimuuliza. "Yeye au wewe?"

"Mimi," Kasuku alikiri baada ya kufikiri.

"Basi itangoja hadi yeye aseme. Kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza huyo mtoto anataka kumwona nani. Hatutaanza kumlazimisha sasa kwa sababu wewe hulali."

Mara ya kwanza alipoulizwa, jibu lilikuwa hapana. Mwezi uliofuata jibu lilikuwa hapana pia. Mwezi wa tatu, wiki moja kabla ya kurudishwa kwao, binti alisema: "Aje."

Makao alimohifadhiwa yalikuwa nyumba safi yenye bustani ya mboga. Chumba cha wageni kilikuwa na meza, jagi la maji na viti vinne, na dirisha lake lilikuwa wazi. Binti mwenyewe ndiye aliyeomba pazia litolewe. Aliingia kwanza, akachagua kiti kilicho karibu na mlango, na hapo tu ndipo mkufunzi alipowaruhusu Kasuku na mama yake wakae. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, haukufichwa. Alikuwa amenenepa kidogo, na gauni lake halikuwa na uzi hata mmoja.

Mama alizungumza kwanza. Alisema alichokifanya kwenye daftari la zahanati, bila kutaja foleni. Binti alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Kasuku.

"Niliambiwa ulikuwa ukiniigiza."

"Ndiyo."

"Niigize."

Kasuku alimtazama mkufunzi. Mkufunzi alitazama dirisha.

"Dada, sitaki. Nimekuja kuomba radhi."

"Nataka kuona watu walicheka nini."

Kasuku alisimama. Alishika ndoo mbili za kufikirika, akatazama mlango, akasugua kidole, na palepale aliacha kukisugua. "Mimi ni mpwa wake," alianza. "Nina miaka..."

"Hukupatia," binti alisema kwa upole uliokuwa mgumu kuliko hasira. "Nilikuwa nikisema polepole zaidi ya hapo. Nilikuwa nikiyahesabu maneno. Nikikosea moja nilirudishwa ndani nikalirudia mara mia."

Kasuku alirudi kwenye kiti.

"Unajua kwa nini nilikuuliza lile swali?" aliendelea. "Kila Alhamisi alikuja mteja aliyekuwa akiacha simu yake mezani wakati wa kupima vitambaa. Namba ya mama yangu naijua kwa moyo. Siku hiyo nilipanga kuichukua. Wenzangu nao hawakujua tulipo, na maji yalikuwa njia yangu pekee ya kutoka nje. Nikakuchagua wewe kwa sababu ulikuwa mtoto mwenzangu."

"Uliipata simu?"

"Niliipata. Mama akapokea. Akaniuliza: mwanangu, uko wapi? Nikamwambia, kwenye mapazia. Akauliza, mapazia ya wapi? Nikakosa la kumwambia. Nikasikia viatu, nikakata. Mama ameniambia kwamba baadaye alipiga tena, na mteja akamjibu kwamba amekosea namba."

Machozi yalimtoka Kasuku. Alijua kwamba hayafai kitu, na akayaacha yatoke. Kisha alitaja jina la mji. Akaongeza jina la mtaa, la kata, la wilaya, na la barabara kuu inayoingia kutoka kaskazini, yote kwa mpigo, kama mtu anayelipa kwa mikono miwili.

"Nimeshalijua," binti alisema. "Askari aliniambia kwenye gari."

Hakusema kwamba amesamehe, na hakuna aliyemuuliza. Lakini alipoinuka kwenda zake alimimina maji katika bilauri, akaisukuma upande wa Kasuku, ndipo akatoka.

Walirudi kwa miguu, mama na binti. Walipokaribia nyumbani, mbele ya karakana ambayo sasa ilikuwa imefungwa kwa ubao, mama alisimama.

"Nisikilize vizuri, mwanangu, kwa sababu hili najiambia na mimi," alisema. "Tulifundishwa dalili kwa siku mbili, na mimi niliziandika zote. Mtoto anayejibiwa na mtu mwingine. Mtoto asiyeshika karatasi zake. Mtoto asiyejua mahali alipo. Hakuna hata moja ambayo sikuwa nimeiona kabla ya mafunzo, na wewe uliziona vizuri kuliko mimi. Macho tulikuwa nayo. Tulichokosa ni kuuliza kwa nini, na kusema kweli siku ileile. Mtu mdogo kama wewe hakutakiwa kumwokoa yeyote. Hiyo ni kazi yetu. Ulitakiwa kumjibu alipokuuliza, na kumwambia mtu mzima unayemwamini. Na sisi watu wazima tulitakiwa kuwa watu wa kuambiwa."

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Mama alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo Kasuku aliliheshimu. "Sijui," alisema. "Sasa ningekuamini."

Siku hizi, mgonjwa mtoto akiletwa zahanati na mtu wa kumsemea, mama humwomba mtu huyo asubiri nje, awe jirani au asiwe, foleni iwe ndefu au fupi. Baadhi ya majirani wamenuna. Kidoti bado ana kwikwi akicheka, ila anacheka mara chache. Kasuku anaigiza bado, lakini si watu wanaotazama mlango kabla ya kujibu.

Na mgeni yeyote akimuuliza njia, hata aliye na haraka, hata anayetaka tu kujua choo kiko wapi, Kasuku huweka ndoo chini na kumjibu hadi mwisho: mtaa huu ni fulani, mji huu ni fulani, na mimi ninakaa mlango ule pale. Wengi humwona ana maneno mengi. Huwaacha wamwone hivyo.